Kipya Kinyemi kwa Dola 162

Dola 162 na senti 34. Hiyo ndiyo bei ya vitabu vitatu vya toleo jipya la Dungeons & Dragons ukivinunua kwa mpigo dukani Dallas, Fort Worth au Houston. Jaladani utasoma dola 49.99 kwa kila kimoja, lakini Texas ina kodi yake ya mauzo ya asilimia 6.25, na miji hii mitatu inajazia ya kwake mpaka jumla inafika 8.25. Kitabu cha 49.99 unakilipia 54.11, na hapo hujanunua dadu hata moja.

Kama mwenzako wa kazini amekualika mezani Ijumaa hii, au kijana wako wa sekondari hana wimbo mwingine nyumbani, nakupa jibu kabla hujafika kaunta: usinunue vyote vitatu. Na huenda wiki hii hupaswi kununua hata kimoja.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hiyo, mambo yenyewe ni haya. Watu wanne hadi sita hukaa pamoja. Mmoja wao, mwendeshaji, anasimulia hadithi na kuyaongoza mazimwi; waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji au mchawi au mwizi, na anaamua mhusika huyo atafanya nini. Penye shaka hurushwa dadu ya pande 20. Kikao kimoja huchukua saa tatu au nne, na hadithi yaweza kuendelea mwaka mzima. Vitabu vitatu vinavyouzwa ni cha mchezaji, Player's Handbook. Cha mwendeshaji, Dungeon Master's Guide. Na cha mazimwi, Monster Manual. Cha kwanza kilitoka Septemba 2024, cha pili Novemba mwaka huohuo, cha tatu Februari 2025. Kila kimoja kina kurasa 384.

Sasa, mchezo huu si wa jana. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 chini ya kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin. Wizards of the Coast wakainunua TSR mwaka 1997, na Hasbro nao wakawanunua Wizards mwaka 1999. Tangu hapo sheria zimeandikwa upya mwaka 2000, 2003, 2008, 2014 na 2024. Kila mara vitabu vya nyumbani huitwa vya zamani, na mwenye navyo huanza kuangaliwa kama aliyechelewa basi.

Ndiyo maana wakongwe hupiga kelele kila toleo jipya linapotangazwa. Kelele hizo zina faida kwa mnunuzi. Ukitaka kujua bidhaa ina thamani gani, muulize aliyeitumia miaka mingi, halafu maneno yake uyapunguze chumvi. Waliouziwa machungu hasa ni wa mwaka 2003: vitabu vya toleo la tatu havijatimiza miaka mitatu, likaja toleo la 3.5 na vitabu vilevile vitatu vya kununua upya. Mwaka 2008 sheria zilibadilika mno hata wachezaji wengi wakahama. Mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ikazichukua sheria za zamani, ikazinyoosha kidogo na kuziuza kwa jina la Pathfinder. Aliyekuwa na rafu iliyojaa vitabu vya 3.5 aliendelea kuvitumia na Pathfinder bila kuanza upya. Uamuzi ule ulikuwa wa mfuko kama ulivyokuwa wa mapenzi.

Ukiwa Dallas–Fort Worth huna haja ya kuwatafuta wakongwe kwa tochi. Kila Juni hukusanyika karibu na uwanja wa ndege wa DFW kwenye North Texas RPG Con, mkutano ulioanza mwaka 2009 kwa ajili hasa ya michezo ya enzi ya TSR. Houston ina OwlCon, uliozaliwa miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice. Keti karibu na wazee wa mikutano hiyo, taja toleo la 2024, kisha unyamaze usikilize.

Wapo ambao hawajanunua kitabu cha sheria tangu miaka ya themanini. Hawa hawana hasira na mtu. Vitabu vyao vimefungwa kwa gundi na gamba la plastiki, wanavijua kwa moyo, na gharama yao ya mwaka ni soda na chipsi. Ukikubaliwa kwenye meza ya namna hii, mwenye meza atakuazima kila kitu. Kwa mtu anayebana matumizi hakuna meza nafuu kuliko ya mzee wa sheria za 1978.

Wapo wa toleo la 2014, na hawa ndio wengi. Malalamiko yao makubwa ni kwamba wameuziwa tena walichokuwa nacho. Chukua mfano wa dawa ya kuponya. Kwa sheria za 2014, kuinywa dawa ile katikati ya pigano kulikula tendo lako kuu la zamu. Ukimaliza kunywa, umemaliza. Meza nyingi ziliona huo ni upuuzi zikajitungia sheria yao: kunywa mwenyewe ni tendo dogo, bado unaweza kupiga. Toleo la 2024 limeliingiza jambo hilo kitabuni. Mkongwe anauliza, na ana haki: nilipe dola 54 kuambiwa nifanye nilichokuwa nikifanya?

Lakini yapo mabadiliko ya kweli, na ni vizuri kuyajua kabla ya kufungua pochi. Mpiganaji mwenye upanga mkubwa wa mikono miwili zamani akikosa alikuwa amekosa, anasubiri zamu ijayo. Sasa, akiwa na ustadi wa silaha hiyo, hata akikosa anamkwaruza adui kidogo. Mwenye nyundo kubwa anaweza kumwangusha adui kila anapompata, na adui hurusha dadu kuona kama atabaki wima. Waliokuwa wakicheza wapiganaji wamefurahi, kwani kwa miaka kumi waliwatazama wachawi wakila nyama nao wakilamba mifupa. Waendeshaji wananung'unika: kila pigo sasa lina dadu ya ziada, na pigano linavuta. Paladini, yule askari mtakatifu, amepunguziwa makali. Zamani aliweza kumwaga pigo lake la nuru mara kadhaa katika zamu moja. Sasa ni mara moja tu. Kama paladini ndiye mhusika wako wa siku zote, kitabu kipya kitakuuma mara mbili, mfukoni na mezani.

Kundi la tatu walinunua wakaridhika. Ukiwadodosa, wanachosifu zaidi ni mpangilio: kitabu cha mchezaji sasa kinaanza kwa kukufundisha mchezo, na unachokitafuta unakiona upesi. Hiyo ni sifa ya kweli kwa mgeni, ingawa kwa mkongwe aliyekariri kurasa haina thamani ya dola 50.

Kati ya vitatu hivyo, basi, kipi kinastahili fedha? Mchezaji wa kawaida anahitaji kimoja tu, cha mchezaji, tena kama meza yake inatumia sheria za 2024. Cha mazimwi ni kazi ya mwendeshaji. Kina zaidi ya mazimwi 500 na ni kitamu kukitazama, lakini mchezaji akikisoma anajiharibia mshangao. Mkongwe atakukumbusha pia kwamba orki, aliyekuwa adui wa kila pango tangu zamani, hana tena ukurasa wake humo. Cha mwendeshaji ndicho cha mwisho kununuliwa. Nimewaona waendeshaji wazuri wakiongoza meza miaka bila kukifungua, na mwendeshaji mbaya hakuna kitabu kitakachomtengeneza.

Na vitabu vya hadithi vya miaka kumi iliyopita havijafa. Mchapishaji mwenyewe alisema tangu mwanzo kwamba hadithi za toleo la 2014 zinachezeka kwa sheria za 2024. Muuzaji akikuambia ununue hadithi mpya kwa sababu ya zamani haiingiliani na sheria mpya, mshukuru na uondoke.

Tuje kwenye mtandao, ambako fedha hutoka bila kelele. Programu rasmi inaitwa D&D Beyond; Hasbro waliinunua mwaka 2022. Kitabu kimoja cha kidijitali huuzwa dola 29.99, na cha karatasi pamoja na cha kidijitali kwa pamoja ni 59.99 ukinunua kwa mchapishaji. Juu yake kuna ada. Ngazi ya kwanza, Hero, ni dola 2.99 kwa mwezi. Ya juu, Master, ni 5.99. Ukilipa kwa mwaka, Master ni 54.99 badala ya 71.88. Hesabu hiyo ndogo watu wengi hawaifanyi, wanalipa kwa mwezi kwa sababu dola sita hazisikiki, na kadi inaendelea kukatwa hata meza ilipokwisha kuvunjika tangu Krismasi.

Ada ya Master ina kazi moja ya maana: anayelipa anaweza kuwafungulia wenzake wa meza vitabu alivyovinunua. Kwa hiyo kabla hujalipa senti, muulize mwendeshaji swali hili: "Unashirikisha vitabu?" Akisema ndiyo, umepona dola 30. Meza ya watu watano wakichangiana ada ya mwaka, kila mmoja anatoa kama dola 11.

Lakini sikia kilichotokea Agosti 2024. Kampuni ilitangaza kwamba kwenye karatasi za wahusika za programu ile, uchawi na vifaa vya sheria za 2014 vitabadilishwa viwe vya 2024. Watu waliokuwa wamelipia vitabu vya zamani wakaona vitu vyao vinabadilishiwa sura mikononi. Kelele zikawa kubwa, na katika siku chache kampuni ikarudi nyuma, ikaacha vya zamani vibaki. Wakongwe hawakushangaa. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo iliondoa sokoni nakala zake za kidijitali za vitabu vya zamani, na hazikurudi hadi 2013. Cha karatasi kilichoko kwenye rafu yako Arlington hakuna anayeweza kukihariri usiku ukiwa umelala. Ndiyo sababu, ukiniuliza kati ya karatasi kwa 54 na kidijitali kwa 30 na ushei, nitakuambia karatasi, isipokuwa kama mnacheza kwa mtandao na ndugu walioko Nairobi au Dar.

Maana kitabu cha karatasi unaweza kukiuza pia. Na unaweza kukinunua mtumba.

Hapa wakazi wa Texas wamebarikiwa. Half Price Books, duka la vitabu vilivyokwishatumika, lilianzia Dallas mwaka 1972, na leo lina matawi kote Dallas–Fort Worth na Houston. Rafu ya michezo kwa kawaida iko karibu na vitabu vya katuni na hadithi za kubuni. Kitabu cha kawaida huwekewa bei ya karibu nusu ya ile ya jaladani. Tangu toleo la 2024 litoke, wachezaji wanaohama huziachia nakala za 2014, nawe ndiye wa kuziokota. Usitegemee bahati hiyo kwa vitabu vya miaka ya sabini na themanini: hivyo wauzaji wanajua vinatafutwa na wakusanyaji, na bei yake ni ya wakusanyaji.

Jihadhari na jambo moja. Jalada la 2014 na la 2024 yana jina lilelile, Player's Handbook, na hakuna namba ya toleo mbele. Watu wamefika nyumbani na kisicho chao. La 2014 lina jitu la moto lenye ndevu na kurasa 320. La 2024 lina mashujaa na joka la dhahabu nyuma yao, kurasa 384. Usipoamini macho yako, fungua kurasa za mwanzo uangalie mwaka wa haki ya kunakili.

Kisha kagua mgongo. Nakala za mwanzo kabisa za 2014 zilipata sifa mbaya kwa gundi dhaifu. Kurasa zilichomoka zenyewe. Kilaze kitabu mezani, kifungue kwenye sura ya uchawi huko mwishoni, maana hapo ndipo wachezaji hufungua kila baada ya dakika tano, na upitishe kidole kwenye mshono. Ukiona pengo kati ya karatasi na mgongo, au fungu la kurasa limejitokeza nje ya mengine kama meno, kirudishe hata kama ni dola 15. Madoa ya soda hayazuii mtu kusoma. Maandishi ya penseli ni afadhali, mara nyingine hata yana faida, kwa kuwa mwenye nacho wa kwanza alishakutafutia vitu muhimu. Sanduku la wanaoanza lililotumika lifungue palepale kaunta: kama lilikuja na ramani, ipo? Dadu zote zipo? Karatasi za wahusika zipo zote? Ramani ikikosekana umenunua boksi la karatasi.

Kabla hata ya mtumba, kuna bure. Januari 2023 kampuni ya Wizards ilitaka kubadilisha leseni iliyowaruhusu wengine kutunga vitabu juu ya sheria zake. Wachezaji na watunzi waliwaka, wengi wakafuta ada zao, na mwishowe kampuni ikaziachia sheria za msingi za 2014 kwa leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa. Aprili 2025 ikafanya vivyo hivyo kwa za 2024. Maana yake kwa mnunuzi: sheria za kutosha kuendesha meza miezi mingi, za matoleo yote mawili, zinapakuliwa bure na kihalali. Hazina picha, na chaguo za wahusika ni chache kuliko za kitabuni, lakini mpiganaji, mchawi, kasisi na mwizi wote wamo.

Mtego wake ni printa. Faili hizo zina mamia ya kurasa. Hata kwa senti 10 kwa ukurasa, kurasa 400 ni dola 40, na umebaki na rundo la karatasi lisilo na jalada kwa bei inayokaribia ya kitabu. Soma kwenye simu, chapisha kurasa za mhusika wako tu.

Maktaba nayo isisahaulike. Kadi ya maktaba ya umma ya Dallas, Fort Worth au Houston ni bure kwa mkazi wa mji husika, na vitabu vya mchezo huu vinaazimwa kama vingine. Usipokikuta tawini, omba uletewe kutoka tawi jingine. Hii ni njia nzuri pia kwa mama au baba aliyesikia kanisani kwamba kuna mashetani ndani ya mchezo. Azima, usome mwenyewe, uamue. Hofu hiyo haikuanza na Waafrika: Wamarekani walikuwa nayo miaka ya themanini, hadi toleo la 1989 likayabadilisha majina ya mashetani na mapepo. Baadaye yakarudishwa, na katika toleo la sasa unayakuta.

Kama jibu lako ni kwamba huhitaji jina la D&D hata kidogo, mlango uko wazi zaidi. Sheria za Pathfinder zote zinasomeka bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys kwa idhini ya wenyewe, ingawa ni mchezo mzito, wenye hesabu nyingi, na mgeni anaweza kuzama. Basic Fantasy ni ule ninaowapendekezea wenye haraka: umeigwa kwenye sheria fupi za zamani, unapakuliwa bure wote, na nakala iliyochapwa huuzwa karibu na gharama ya uchapaji tu. Wazee wa Juni kule DFW watakutazama kwa heshima ukiingia nao mkononi.

Kwa familia inayoanza kutoka sifuri, sanduku la wanaoanza linashinda kitabu. Ndani mna sheria fupi, hadithi tayari na dadu, na mara nyingi wahusika tayari. Yapo ya aina tatu utakayoyaona. La 2022, Dragons of Stormwreck Isle, bei yake ya jaladani ni 19.99, yaani 21.64 na kodi. Ni la sheria za 2014 na linawatosha watoto wawili watatu na mzazi mmoja kwa vikao kadhaa. La 2019, Essentials Kit, ni 24.99, lina faida mbili, linaruhusu kutengeneza mhusika wako mwenyewe na linachezeka hata mkiwa wawili tu. Jipya la 2025, Heroes of the Borderlands, ni 49.99, lina kadi na vibao vingi vya kushika, na ndilo la sheria za 2024.

Hukumu yangu: ukilipata la 2019 kwa bei yake ya kawaida, au la mtumba likiwa kamili, lichukue. La 2025 ni zuri zaidi kwa mtoto wa miaka kumi asiyependa kusoma, kwa sababu ya kadi zile, lakini ni zaidi ya mara mbili ya bei ya la 2022, na linaishia kwenye ngazi ya tatu vilevile. Yale mawili ya zamani yanazidi kuwa adimu, hivyo asikuuzie mtu la dola 20 kwa dola 60 mtandaoni kwa kisingizio cha uhaba. Uhaba wa sheria zinazopatikana bure ni uhaba gani?

Nimesema dadu. Seti ya dadu saba za plastiki ni dola chache. Za chuma au mawe zinapanda hadi 30 au zaidi na zinakwaruza meza. Nunua seti moja ya plastiki yenye namba zinazosomeka. Rangi za kung'aa zenye maandishi ya dhahabu hafifu zinapendeza kwenye picha, ila usiku chini ya taa ya sebuleni huoni kama ni 6 au 9.

Sanamu ndogo za wahusika ndizo zinazomaliza watu. Texas Kaskazini ni kwao: Reaper Miniatures wako Denton, na kwenye mistari yao ya plastiki mhusika mmoja hupatikana kwa dola chache. Mmoja sawa. Lakini mmoja huzaa rangi, rangi huzaa brashi, brashi huzaa taa ya kupakia rangi, na unajikuta na burudani ya pili iliyo ghali kuliko ya kwanza. Meza nyingi zinatumia vizibo vya soda, na hakuna zimwi lililowahi kulalamika.

Mahali pa kuchezea pana bei yake pia. Maduka mengi ya michezo katika miji hii yanakupa meza bila kukutoza, kwa matumaini kwamba utanunua kitu. Mengine yanatoza kwa kichwa au kwa meza. Uliza kabla. Hata pale pa bure, soda na chakula mara nne kwa mwezi hupita bei ya kitabu. Na wapo waendeshaji wanaolipwa, hasa mtandaoni, kwa kila mchezaji kila kikao. Si wizi, ni kazi yao, ila mwezi mmoja wa kikao cha kila wiki unaweza kula bajeti yako ya mwaka.

Barabara usiisahau. Kutoka Plano kwenda Irving kwa barabara za kulipia bila kibandiko cha TollTag unatozwa zaidi, na bili inakuja kwa posta baadaye, ukiwa umekwisha kusahau. Wa Houston anayetaka kupanda I-45 hadi mkutano wa DFW ahesabu maili 240 kwenda na 240 kurudi. Gari la maili 30 kwa galoni linakunywa galoni 16. Kwa dola 3 galoni ni dola 48, bila hoteli, bila beji ya kuingilia, bila maegesho. Nenda kwa ajili ya watu na vicheko. Usiende ukidhani utaokoa kwenye vitabu. Lakini kama unakwenda, chungulia meza za wauzaji siku ya mwisho mchana: hakuna anayependa kubeba maboksi kurudi nayo nyumbani, na ndipo lugha ya bei hulainika.

Kwa hiyo mwenye dola sifuri acheze kwa sheria za bure na kuazima dadu. Mwenye 25 achukue sanduku. Mwenye 55, kama meza yake imekwisha kuamua kutumia sheria za 2024 na mwendeshaji hashirikishi vitabu vyake, anunue cha mchezaji cha karatasi, kimoja, na apumzike hapo miezi sita. Anayetaka kuwa mwendeshaji aongeze cha mazimwi baadaye, akiona watu wanarudi mezani wiki ya nne. Meza nyingi hazifiki wiki ya nne, na si kwa kukosa kitabu. Ni zamu za kazi, hasa kwa ndugu zetu wa hospitali na maghala ambao Jumamosi yao hubadilishwa kwa ujumbe wa simu.

Na wewe mwenye vitabu vya 2014 unayefikiria kuviuza ili ufidie vipya: duka la mitumba litakupa sehemu ndogo ya bei watakayoviuzia, nalo lina haki, kwani kodi ya jengo wanalipa wao. Muuzie mchezaji mwenzako moja kwa moja, mkutane mahali penye watu, fedha taslimu. Usiuze kabla hujauliza meza yako inatumia toleo gani, kwa sababu wengi waliokwenda 2024 wameacha nakala moja ya 2014 mezani kwa ajili ya yule paladini. Na kama mgongo wa kitabu umelegea, hakitakuletea hata dola tano. Kibandike gundi ya vitabu, kikauke usiku kucha chini ya kitu kizito, uendelee nacho.